Chati, ubao, runinga au tableti? Namna ya kulinganisha vifaa vya kufundishia kabla hujavinunua

Runinga ya kwanza katika shule niliyokuwa nikifundisha ilivuka bahari kutoka Mokowe, imefunikwa turubali. Hamali wawili wakaipitisha vichochoroni hapa Lamu, watoto wakiifuata nyuma kama wanaosindikiza bibi harusi. Inchi 43. Tukaitundika mbele ya Gredi ya 7, nikaweka video ya mzunguko wa damu, darasa zima kimya. Nilijiona mwalimu hodari. Baada ya kipindi nikakusanya madaftari ya safu ya nyuma. Majina ya sehemu za moyo yalikuwa yameachwa wazi, na mengine yamebuniwa. Wale watoto walikuwa wametazama rangi tu, maandishi hawakuyaona.

Tangu siku hiyo kila kifaa kinacholetwa shuleni nakipima kwa mtoto wa dawati la mwisho. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwalimu mkuu au mzazi wa kamati ya shule ambaye ana pesa kidogo mkononi na watu wengi wanaomshauri azitumie vipi. Shika futi kamba, kalamu na simu yako ya kupigia hesabu.

Hatua ya 1: Andika mtoto aone nini

Usianze na kifaa. Chukua mada moja, uandike sentensi hii uijaze: "Kipindi kikiisha, mtoto awe ameona ..." Ukishindwa kuijaza, kifaa hakitakusaidia.

Kisha jiulize kile kitu kina tabia gani. Kuna vitu vilivyotulia: ramani ya kaunti, sehemu za ua, ngeli za nomino. Hivyo vyataka chati, kwa sababu chati inabaki ukutani wiki tatu na mtoto huisoma hata pale anapochoshwa na wewe. Kuna vitu vinavyojengwa hatua kwa hatua, kama kutafuta thamani ya x. Hapo ni ubao. Kuna vitu vinavyokwenda, au vilivyo vidogo mno au vikubwa mno kwa jicho. Hapo ndipo skrini inapolipa gharama yake. Na kuna vitu vilivyo nje ya mlango.

Mfano wa Malindi: ukifundisha setilaiti, unayo bahati ambayo walimu wengi hawana. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Jukwaa lenyewe ni kitu kilichotulia, picha moja kubwa yatosha, na huenda darasani mna mtoto ambaye babake huvua upande ule. Njia ya setilaiti kuizunguka dunia ni kitu kinachokwenda, kwa hiyo itafutie uhuishaji. Somo moja, vifaa viwili, na kila kimoja kina sababu yake.

Hatua ya 2: Lipime darasa

Hii hatua huchukua dakika kumi, na karibu kila mtu huiruka.

Pima umbali kutoka ukuta wa mbele hadi dawati la mwisho. Tuseme ni mita 7. Sasa pima kimo cha skrini, si ile mshazari ya inchi wanayoitangaza madukani. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 hivi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa kumbi ni kwamba, ili mtu asome maandishi vizuri, asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha skrini, na kwa video isiyo na maandishi, mara 8. Piga hesabu: 53 mara 6 ni mita 3 na kidogo. Ile runinga yetu iliwafaa watoto wa madawati ya mbele peke yao. Hata ya inchi 55, yenye kimo cha sentimita 68, husomeka hadi mita 4 tu.

Projekta inayotupa picha yenye upana wa mita 2 hukupa kimo cha mita 1.25 hivi, na ukizidisha kwa 6 unapata mita 7.5. Mtoto wa nyuma amefikiwa. Lakini projekta ina adui yake hapa pwani, nalo ni jua. Dirisha likiwa wazi picha hufifia ikawa kama nguo iliyofuliwa mara mia, na dirisha likifungwa mwezi wa Februari, joto la kaskazi humaliza darasa. Kwa chumba chenye mwanga usichukue projekta iliyo chini ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha nguvu ya mwanga). Zile ndogo za bei rahisi zinazouzwa mitandaoni zinafaa kutazamia mpira usiku chumbani. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe watosha kuwa skrini, usinunue nyingine.

Na chati nayo ipime. Kwa mita 7, herufi ziwe na kimo cha sentimita 3 walau, mistari iwe minene, maneno yasizidi ishirini na tano. Ubandike ukutani, nenda ukakae dawati la mwisho, usome. Ikikubidi kukunja uso, irudie. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha vitu, maana wapo watoto wasioweza kuzitenga rangi hizo mbili, na wengi hawajijui.

Kama runinga mnayo tayari na ni ndogo, msiiuze. Sisi tulitandika mikeka mbele yake. Nusu ya darasa hukaa mikekani dakika kumi na tano ikitazama, nusu nyingine iko madawatini na kazi ya chati, kisha hubadilishana. Kelele zipo, sitakudanganya, lakini kila mtoto anasoma maandishi.

Hatua ya 3: Hesabu stima

Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Projekta ya taa ya kawaida hula wati 250 hivi na laptopu 50, jumla 300. Kwa dakika 40 ni wati-saa 200. Runinga ya inchi 43 hula 80 hivi, na laptopu yako jumla 130, yaani wati-saa 87 kwa kipindi.

Betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini kama ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa kabla ya wakati wake. Ondoa na kinachopotea kwenye inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, ubakiwe na kama 500. Basi betri hiyo itakupa vipindi viwili vya projekta, au vitano vya runinga. Tableti 20 zikichaji pamoja kwa wati 10 kila moja ni wati 200. Kwa saa 3 umeshakula 600, na betri yote imekwisha.

Hata mkiwa na stima ya gridi, fanya hesabu hii, kwa sababu tokeni hununuliwa kwa pesa. Na siku stima inapopotea katikati ya kipindi, mwalimu awe na jibu. Langu ni kwamba sifundishi kwa skrini somo ambalo siwezi kulimalizia ubaoni.

Hatua ya 4: Vijue vifaa vyenyewe

Ubao. Nauanza kwa makusudi. Watu wanaozungumzia teknolojia huuruka kana kwamba ni aibu. Ubao una kasi ya mkono wa mwalimu, na kasi hiyo ndiyo kasi ya mtoto anayenakili na kufikiri. Slaidi huleta mchoro mzima kwa mpigo, ubao huuleta mstari kwa mstari, na mtoto anaona wapi pa kuanzia. Kama ubao wenu umekuwa mweupe kwa uzee na chaki haishiki, upakeni rangi upya kabla ya kununua kitu kingine chochote. Debe moja la rangi na siku moja ya fundi. Nunua na chaki za rangi.

Chati. Karatasi za manila huchakaa haraka kwa unyevu wetu. Mimi nachora juu ya kitambaa cha marekani kwa maka isiyofutika, nakikunja kwenye mti juu na mti chini. Ule wa chini ni muhimu: upepo wa kusi ukiingia, chati isiyo na uzito hupepea kama tanga na watoto hawatazami kitu kingine. Vipande vya fito zilizobaki kwenye ujenzi vinafaa sana.

Vitu halisi. Hapa ndipo Lamu na Malindi zinatajirika kuliko shule yoyote ya bara yenye maabara ya kompyuta. Ukifundisha namna mimea inavyojizoesha na mazingira, lete jani la mchu. Waambie watoto waligeuze, walambe upande wa chini. Ni chumvi, mti unaitoa kupitia majani. Hakuna video itakayomfanya mtoto akunje uso vile. Baada ya hapo ndipo nawaonyesha video ya jani lililokuzwa, chembe za chumvi ziking'aa, nao wanaitazama kwa njaa kwa sababu ladha bado iko ulimini. Mwalimu wa Hisabati aliye karibu na Matondoni ana mafundi wa mashua wanaopima mkunjo wa mbao kwa jicho, na wa Malindi ana magofu ya Gede. Jambo moja tu: ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, makombe na matumbawe hayaokotwi. Piga picha.

Tableti. Mpango wa serikali wa masomo ya kidijitali ulianza kugawa vifaa katika shule za msingi za umma mwaka 2016: tableti za watoto wa darasa la kwanza, laptopu za walimu, projekta na sava ndogo ya kuhifadhia masomo. Kabla hujaomba vipya, omba ufunguo wa kabati. Sisemi zaidi. Tableti si ya kutazamia, ni ya kufanyia mazoezi. Inafaa pale mtoto anapohitaji kurudia jambo mara saba bila kuonewa aibu, kama tahajia, hesabu za sehemu, kusikiliza matamshi. Wawili kwa tableti moja ni sawa, wanne ni mmoja anacheza na watatu wanatazama.

Simu ya mwalimu. Hiki ndicho kifaa cha kidijitali kilichopo tayari katika kila shule, nacho hudharauliwa. Kwa spika ndogo ya bluetooth simu inakuwa redio ya darasa. Pia kuna programu ya Plickers: kila mtoto hupewa kadi ya karatasi yenye alama yake, anaigeuza upande wa A, B, C au D, nawe unapitisha kamera ya simu darasani na majibu ya wote yanaingia. Watoto hawahitaji kifaa chochote. Ukikosa programu hiyo, kadi nne za rangi kwa kila mtoto hufanya karibu kazi ile ile, ila kuhesabu ni kwa macho.

Na ukitaka kumpiga mtoto picha akifanya kazi ukaiweke mtandaoni, sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi. Mwambie mamake kwanza.

Hatua ya 5: Fundisha somo moja kwa vifaa tofauti

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, mengine yote ni matayarisho. Chagua somo moja. Mimi nilichagua kupwa na kujaa kwa maji, kwa nini tuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na kwa nini tuna maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kama mna mikondo miwili, kila mkondo upate kifaa chake. Kama mna mkondo mmoja, gawa darasa nusu kwa nusu, uchanganye wepesi na wazito, si wavulana huku na wasichana kule.

Kundi la kwanza lilipata uhuishaji wa skrini: dunia inazunguka, mwezi unazunguka, maji yanavimba pande mbili. Kundi la pili nililichorea ubaoni, jua, dunia na mwezi, nao wakachora pamoja nami. Maelezo yale yale, dakika zile zile. Hilo la dakika ni la lazima. Ukimpa mmoja nusu saa na mwingine saa nzima, umepima saa, hukupima kifaa.

Nilikuwa nimesema kwa kujiamini kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo huvuta pamoja na jua, na siku hiyo maji hujaa kupita kiasi. Mtoto mmoja, babake nahodha, akanyoosha mkono: "Si yeo mwalimu, bamvua huya kesho na kesho kutwa." Alikuwa sahihi. Maji makubwa kabisa huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, na uhuishaji wangu mzuri haukuonyesha hilo, wala mimi sikulitaja. Kwa hiyo kabla hujaisifu video, itazame pamoja na mtu anayeishi na jambo lenyewe.

Uliza maswali matano, yale yale kwa wote. Usiyaulize mwisho wa kipindi, maana hapo kila mtu anakumbuka. Yaulize kesho yake asubuhi, na tena baada ya wiki mbili, bila kuwatangazia. Swali moja liwe la kuchora bila kutazama. Moja liwe la kutabiri: "Leo ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu. Kesho kutwa maji yatakuwaje?" Hilo la kutabiri hutenganisha aliyeelewa na aliyekariri.

Kwangu, kundi la skrini lilikuwa na hamasa zaidi na siku ya pili lilieleza vizuri kwamba maji huvimba pande zote mbili za dunia, jambo ambalo mchoro wangu haukulieleza vyema. Baada ya wiki mbili, waliochora kwa mikono yao ndio waliochora tena bila kusitasita. Darasa moja halithibitishi kitu, na lako huenda likaleta jibu jingine, lakini mimi lilinitosha kubadili mpangilio: sasa kila mtu anachora kwanza, uhuishaji unafuata.

Kisha tukaongeza kifaa cha tatu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Chati tupu ya siku 30 ukutani. Kila asubuhi mtoto mmoja apitaye karibu na gati huangalia maji yamefika jiwe gani, akaja kuweka nukta. Kufikia wiki ya pili mstari ulianza kupanda na kushuka, na wakagundua wenyewe kwamba saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku, kama dakika 50. Gharama yake ilikuwa karatasi moja.

Hatua ya 6: Pakua kabla ya kuingia darasani

Usitegemee intaneti ya kipindini. Video ya ubora wa 480 hula megabaiti 10 hivi kwa dakika, ile ya 1080 hula mara tatu au zaidi, na kwa mtoto wa nyuma tofauti ni ndogo. Pakua ile ya 480.

Majaribio ya sayansi ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, hupakuliwa na kuchezwa bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Programu ya GeoGebra ni nzuri kwa jiometri. Kiwix hukuwekea Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu. Kwa shule yenye kompyuta moja na tableti kadhaa, Kolibri huifanya ile kompyuta kuwa maktaba na tableti zikasoma kutoka kwake bila bando. Masomo yanayofuata mtaala wa Kenya yako kwenye hifadhi ya mtandaoni ya KICD, taasisi ya serikali inayounda mitaala.

Nakala mbili za kila kitu, moja kwenye laptopu na moja kwenye fleshi. Na ikate video: dakika tatu, simamisha, uliza "nini kitafuata?", endelea. Video ya dakika ishirini mfululizo ni mapumziko ya mwalimu.

Hatua ya 7: Chumvi, fundi, na mjusi

Bei ya dukani ni nusu ya bei. Uliza kifaa kikiharibika kinatengenezwa wapi. Ubao hutengenezwa na fundi wa mtaani. Runinga kwa kawaida hupata fundi hapa hapa kisiwani. Taa ya projekta ikiungua, itabidi iagizwe Mombasa au Nairobi, na mnangoja. Andika kwenye karatasi moja kwa kila kifaa: bei, usafiri hadi shuleni, stima ya mwaka, fundi, na kinafikia dawati la ngapi. Ipeleke kwenye kikao cha kamati. Mjadala utakuwa mfupi.

Hewa ya bahari hula matundu ya chaji na nyaya. Hifadhi tableti na laptopu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waombe wenye maduka, huvitupa. Usiweke kitu sakafuni. Futa matundu kwa brashi kavu kila mwisho wa mwezi. Projekta ya taa iache feni yake izime yenyewe kabla hujachomoa waya.

Na baada ya likizo ndefu, usiiwashe projekta kabla hujaitikisa taratibu na kumulika kwenye matundu ya hewa kwa tochi ya simu. Yetu ilikuwa na mjusi kafiri ndani, pamoja na mayai yake.